Kompyuta ya polisi ilivyoipaka stage yetu rangi nyekundu

Wakuu, salamu kutoka Gongoni. Haya yamenitokea mwenyewe na sijaongeza chumvi, ingawa huku ndiko inakotoka.

Swali lililoninyima usingizi ni hili: nikilalamika kwamba polisi wananisimamisha bure, si nitakuwa nimejipeleka mwenyewe machoni mwao?

Nina digrii, kazi ya digrii sina. Asubuhi nasimama stage, pale kituo cha magari, na wenzangu tukingoja lori la kwenda kwenye mashamba ya chumvi kwa kibarua. Huku nasubiri majibu ya kazi ya ofisini Kilifi, na wale wanataka good conduct, cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Jina likichafuka, kazi imekwenda.

Basi polisi wakaanza kutujia pale kila mara. Vitambulisho, mifuko, simu. Wengine walibebwa kwa kuzurura, jioni wakaachiliwa.

Mimi mtu wa kuwaza sana nikaanza kujichunguza. Nikatoka kwenye magrupu ya WhatsApp, hata la harusi ya binamu yangu. Nikanyoa ndevu. Mama akacheka, eti nimekuwa kama yai.

Kisha nikaikwepa stage. Nikawa nazunguka nyuma ya maduka, nalidaka lori mbele.

Huko nyuma ndiko askari mmoja aliponikamata. "Mbona siku hizi wapita vichochoroni?"

Moyoni nikajibu: nakukimbia wewe, afande!

Akanileta stage kwenye gari lao. Ma Mishi, muuza mahamri wetu, akaja na kijiko cha kukaangia kinachuruzika mafuta. "Huyu mteja wangu. Na hawa wote wangoja lori. Wewe, mwanangu askari, wangoja nini?"

Askari akacheka, akaniachia. "Mama, si mimi. Ni system ya kompyuta. Inatuonyesha kwenye ramani pa kupiga doria, na hapa penu pamekuwa pekundu."

Ma Mishi akanipeleka Malindi kwa Dama, jirani yake wa zamani, anayesaidia watu mambo ya sheria bila malipo. Dama akanieleza kuwa kompyuta hukisia uhalifu utatokea wapi kwa kuangalia watu walikamatwa wapi.

"Mkikamatwa, inahesabu. Mkiachiliwa, haihesabu. Kesho inawatuma askari hapo hapo."

Wakuu, nilipumua. Kumbe sikukosa kitu! Halafu nikaogopa zaidi: asiyekosa atajisafisha vipi?

Dama akasema tunaweza kuwaandikia polisi malalamiko, ila yanataka mtu wa kuyatilia jina. "Siwezi kukuahidi hawatakujua. Nakuahidi hutakwenda peke yako."

Kweli, hakuniacha. Tulikwenda watatu kuyapeleka kituo cha polisi, Ma Mishi kavaa buibui la Idi. Niliandika majina yangu yote matatu na namba ya kitambulisho. Kesho yake nikasimama stage, mbele kabisa, hamri mkononi.

Majibu bado, ya polisi na ya Kilifi. Lakini nimejifunza kuwa kujificha ndiko kulikonifanya nifanane na mhalifu. Nawashukuru mama hawa wawili, na hata yule askari kwa kusema ukweli.

Kama na kwenu pamepakwa nyekundu, andikeni hapa chini, kwa jina lenu au la kujificha, sitamlaumu mtu.

Mimi langu nimeshaliandika.