Suti ya Mtu Asiyegusa Mpira

Kwa fundi cherehani Mkongo, pale mtaa wa Malvern, liliingia pande la mtu lenye mvi kidevuni, kupimwa suti. Alicheza futiboli ya Marekani, akihamahama timu, kazi yake kumkinga mrusha mpira.

"Papa, ulifungaka magoli ngapi?" fundi akauliza.

"Mpira wenyewe sikuugusa."

"Eish! Basi ulikuwa sekiriti, mlinzi wa mwenye mpira."

Fundi akakunjua tepu. "Simama vile unasimamaka siku zote."

Yule bwana akainama kama yuko uwanjani, akaweka ngumi moja sakafuni, akafumba macho. Cherehani za mafundi wenzake zikanyamaza. Kelele za Jules Street, nje, zikageuka shangwe za watazamaji.

Fundi hakucheka. Akampima mgongo vilevile alivyoinama.

Mimi nilikwenda kupunguza suruali tu. Nikajikuta nimejisogeza nyuma ya yule bwana, na katika jiji hili sijawahi kujiona salama namna ile.