Meno ya Adui Zetu

Mama mkwe wangu anasali Zaburi kwa sauti, tena shambani. Nilipoolewa Murungu nikitokea Nyakitonto, jambo hili lilinipa taabu. Kwetu tulisali kimyakimya, midomo ikicheza kidogo kama ya mtu anayetafuna karanga mbele ya wageni. Yeye husimama katikati ya mahindi na kumwita Mungu kama anavyoitwa mtu aliye ng'ambo ya bonde. Zaburi zake ni za Kirundi, maana alizisikia kwa mama yake huko Burundi kabla hawajakimbilia huku. Siku hizi ni Mtanzania, kura anapiga, ila kwenye maombi hajabadili uraia.

"Kiswahili ni cha dukani," aliniambia. "Imana, Mungu wetu, ninaongea naye cha nyumbani."

Huzichagua kulingana na hali. Mvua ikinyesha vizuri, ya shukrani. Mgongo ukiuma, ya manung'uniko. Msimu ule ngedere walipovamia mahindi yetu, alihamia kwenye zile kali, ambazo mwenye kusali anamwomba Mungu awavunje adui zake meno. Kila asubuhi alizisali akiwa ameelekea msituni, mkono kiunoni, nami nikipalilia maharage nimeinama zaidi kuliko ilivyohitajika.

Sasa, upande huohuo wa msitu ndiko iliko nyumba ya jirani yetu, mjane wa makamo anayeimba nasi kwaya ya akina mama. Mbuzi wake walikuwa wameingia kwenye maharage yetu, na mama mkwe alishampa maneno yake. Kiha, lugha yetu wenyeji, na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Neno amenyo, yaani meno, halikuhitaji mkalimani kuvuka mpaka wa shamba. Haikupita wiki, jirani akaamka shavu limevimba kama ameficha kiazi mdomoni.

Alikuja jioni, kitenge amekifunga kutoka kidevuni hadi utosini. Nilimpa kigoda, hakukaa.

"Dada," alimwambia mama mkwe, "mbuzi ni mbuzi tu. Ungeniambia tena niwafunge, ningewafunga. Kwa nini ukanishtaki kwa Mungu?"

"Nani kakushtaki?"

"Umeomba meno yavunjike. Mimi nimesikia, na jino nalo limesikia."

Mama mkwe akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetunga Zaburi. Nikaeleza, kwa adabu zote, kwamba mama alikuwa akiwasema ngedere.

"Kwenye Zaburi hakuna ngedere," jirani alisema.

Hapo alikuwa na hoja. Mama mkwe akasema polepole, "Nilianza na ngedere. Lakini juzi, sitakudanganya, na mbuzi wako walipita kichwani."

Nilijiandaa kwa ugomvi. Badala yake jirani alijaribu kucheka, kicheko kikamchoma, akashika shavu na kukaa kwenye kigoda alichokikataa. Mama mkwe alichuchumaa mbele yake, akamfungua kile kitenge, akalitazama shavu kwa muda.

"Kesho tunakwenda hospitali Kibondo," alisema. "Nitakusalia ya uponyaji. Kama ile ya kwanza ilifika, na hii itafika."

Asubuhi tulikwenda kwa pikipiki. Jirani aliketi kwenye kiti cha kung'olea, sindano ya ganzi ikaingia, na mama mkwe, aliyekuwa amesimama miguuni pake, akaanza ya uponyaji kwa sauti ileile ya shambani. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nje wakachungulia. Daktari wa meno, kijana mpole, alivumilia kidogo, halafu akageuka, koleo mkononi.

"Bibi, niombee na mimi, ila taratibu. Utaiamsha ganzi."

Mama mkwe akashusha sauti. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisali kwa kunong'ona, huku amekamata kidole gumba cha mguu wa jirani, maana ndicho alichoweza kukifikia. Hakukiachia hadi gego lilipotoka.

Jumapili mchungaji wetu, ambaye hakuwa na habari, alitangaza kwamba tutasoma Zaburi kwa kupokezana, mstari wa wanaume, mstari wa wanawake. Ilikuwa mojawapo ya zile kali. Niliuona mstari wa meno ukija kwa mbali, nikafuatisha kwa kidole: ulikuwa wetu. Jirani alikuwa kulia kwangu, mama mkwe kushoto, nami katikati nikijing'ata ulimi.

Mstari ulipofika, jirani aliusoma kwa sauti kuliko wote, pengo jipya likipiga mluzi. Mama mkwe akausema kwa Kirundi juu ya Kiswahili chetu. Upande wa wanawake ukanguruma kama mashine ya kusaga. Sauti zikiwa nyingi hivyo, haikuwezekana kujua nani alikuwa akimsema nani, na nadhani ndiyo maana nyuso zote zilionekana zimepumzika. Mimi binafsi nilikuwa nikiwasema panya wa ghalani.

Tulipotoka, jirani alimwomba mama mkwe amfundishe ile ya uponyaji, kwa Kirundi hichohicho. Walitangulia njiani, mmoja akisema, mwingine akirudia. Penye kivuli cha migomba neno moja likamshinda. Mama mkwe akamsahihisha, jirani akasema kwa Kiha linatamkwa vile alivyotamka yeye, na wakasimama hapo wakibishana kwa raha zao. Mimi nikawapita, nikaenda kuinjika maharage.