Wachuma Chai Walivyofika Mabira

Jumapili, tarehe 16 Juni 2024. Asubuhi ukungu mzito. Baadaye jua kali, upepo mdogo wenye vumbi, na mawingu machache upande wa mto Kagera ambayo hayakusogea. Karibu kila ua hapa Mabira ulikuwa umetandikwa turubai la kahawa.

Siku hiyo Kokuhirwa aliingia kwenye kibanda umiza cha Gaudiosus kwa mara ya kwanza.

Wengi wanamfahamu kwa karanga zake za kuchemsha. Ni mjane wa miaka hamsini na kitu, ana shamba la migomba na kahawa chini ya barabara, na jioni huketi na beseni lake nje ya kibanda hicho cha video, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa mbao. Mwanamke wa umri wake haingii mle. Mabenchi ni ya vijana wa bodaboda na ya wanaume waliokwisha kupitia kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Yeye alizoea kusikiliza tu. Kwa sauti peke yake aliweza kusema anayepigwa ni mwema au mbaya.

"Mwema akipigwa hunyamaza," aliwahi kuniambia. "Mbaya hulia kama mbuzi."

Mwezi Mei Gaudiosus alionyesha filamu moja ya Kichina ambayo haikuwa na mtafsiri. Kokuhirwa akasikia jambo geni: waliokuwa wakipigana walikuwa wanawake. Akageuka, akaweka jicho kwenye mwanya wa mbao, na karanga zikapoa.

Filamu yenyewe ilihusu wanawake wachuma chai wa kijiji cha mlimani. Tajiri mmoja alitaka kuwafukuza kwenye shamba lao, na bibi mmoja mwenye mguu mbovu akawafundisha wenzake kupigana kwa miti ya kubebea vikapu. Hakuna aliyeruka juu ya mapaa. Wakipigana walichoka, wakaketi chini, wakafungana vidonda kwa vitambaa vya kichwani. Kisha, katikati ya pigano kubwa, radi ikanguruma, na wanawake wale wakawaacha maadui wamesimama, wakakimbia kuanua majani ya chai yaliyokuwa juani.

Hapo ndipo vijana walipozomea. "Wapiganaji gani hawa, wanaacha vita wanaokota majani!" Wakatoka kwa makundi, na Gaudiosus akaizima akaweka nyingine. Kokuhirwa akabaki na jicho ukutani. Hakujua kama wale wanawake waliliokoa shamba lao au la, na kwa wiki kadhaa jambo hilo halikumtoka. Alilizungumza kisimani, alilizungumza kwangu, nadhani aliwaambia hata mbuzi wake.

Juni ilipoanza alimkamata Gaudiosus mlangoni.

"Shikamoo, Ma Kokuhirwa."

"Marahaba. Ile ya wanawake utairudisha lini?"

"Ile? Naifuta wiki hii. Flashi imejaa, na vijana wanataka mpya."

"Utaifutaje na mimi sijaona mwisho?"

"Mama yangu, wewe hata mwanzo hukuona. Ulichungulia."

"Nilichungulia, na nikaona kuliko wako waliokaa ndani."

Gaudiosus akacheka. Ni mfanyabiashara aliyetoka Muleba, si mtu mbaya, ila hapendi benchi tupu. Akamwambia: "Basi nijazie mabenchi Jumapili alasiri. Watu wakikaa mpaka mwisho, filamu inabaki na utaiona hata kila wiki. Wakitoka kama vijana walivyotoka, naifuta hapohapo ukiniangalia."

Kuwapata watu haikuwa rahisi. Juni ni mwezi wa kahawa, na wanawake wa upande wetu huchumiana kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule. Mke wangu Evelyn yumo katika kundi hilo, kwa hiyo haya niliyasikia siku ileile. Zamu ya Kokuhirwa ilikuwa Jumatatu tarehe 17. Akawaambia wenzake kwamba haitaki. Badala ya kumchumia Jumatatu, waje Jumapili baada ya kanisa waketi naye kwenye kibanda cha Gaudiosus mpaka filamu iishe.

"Yaani tuache kukuchumia wewe, tukakutazamie Wachina?" aliuliza Benadeta, jirani yake, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika. "Kahawa yako ikidondoka chini utakula sinema?"

"Nitaila na karanga."

Walicheka, lakini walikuja. Zamu ni zamu, hata mwenyewe akiitumia vibaya.

Mle ndani kulikuwa giza, kwa sababu madirisha yalizibwa kwa magunia. Kokuhirwa aliketi benchi la mbele, beseni lake mapajani, akawa anaeleza kwa Kinyambo yale aliyoyajua. Mimi nilisimama karibu na mlango. Mwanzoni walikaa kama watu walio msibani. Bibi wa mguu mbovu alipoanza kuwachapa wanafunzi wake miguuni ili wasimame vizuri, Jovitha, mmoja wa wachumaji wenzake, akasema, "Huyu ni mama mkwe wangu kabisa."

"Mama mkwe wako hana mguu mbovu," akajibu Benadeta.

"Ana mdomo."

Tangu hapo kibanda kikachangamka. Adui akianguka walipiga vigelegele, mwanamke akiumia walisema "Pole, waitu," pole ndugu yetu, kama vile anawasikia. Pigano kubwa lilipoanza Kokuhirwa aliwaonya: "Sasa subirini, hapa kutakuwa na radi."

Ikapiga. Gaudiosus ana spika kubwa ambazo hukodishwa harusini, na mabati yalitetemeka mpaka vumbi likatudondokea.

"Enjura!" akapiga kelele Benadeta. Mvua!

Wakanyanyuka wote kwa pamoja. Kahawa iliyo juani ikilowa huota ukungu na hakuna anayeinunua, na mikono ya wanawake hawa inalijua hilo kabla ya vichwa vyao. Mabenchi yalianguka, kanga zikanaswa kwenye misumari, na aliyetangulia kupita mlangoni, beseni kichwani, alikuwa Kokuhirwa mwenyewe.

Gaudiosus alitazama mabenchi matupu. "Umeona?" akaniambia. "Hata vijana walitoka polepole." Akasimamisha filamu, akainama kwenye kompyuta yake.

Kokuhirwa alikuwa amefika barabarani. Jua likamchoma mkono, akatazama juu, akaona mbingu nyeupe, akaelewa. Alirudi akikimbia hivi kwamba karanga zilimwagika njia nzima.

"Gaudiosus, mwanangu, toa mkono hapo!"

"Ma, tulikubaliana. Wametoka."

"Wamekwenda kuanua kahawa."

"Na jua hili?"

"Radi yako hiyo! Nani alikutuma ununue spika za kutisha watu?"

Gaudiosus akajikuna shingo. Kisha akacheka taratibu. "Hata mimi nilishtuka," alisema. "Mke wangu ametandika maturubai mawili."

"Tulisema mpaka mwisho. Mwisho bado. Waachie wapumue, watarudi."

Alisimama mlangoni akawaita kwa majina. Wengine walikuwa wamefika kanisani, wengine walikwisha kukunja maturubai. Walirudi wakihema na kusukumana kwa vicheko. Wa mwisho alikuwa Benadeta, majani ya kahawa yamemganda kwenye nywele.

"Mimi nimekwisha kuanua," alisema. "Sitandiki tena leo. Onyesheni hiyo radi iishe."

Gaudiosus akairudisha nyuma kidogo. Radi ikanguruma, safari hii hakuna aliyesimama, na wanawake wa Mabira wakawaona wenzao wa mlimani wakitupa miti yao na kukimbilia majani yaliyotandazwa. Kibanda kikapasuka kwa vicheko.

"Na wao!" alilia Jovitha. "Na wao jamani!"

"Hawa wana akili," alisema Benadeta. "Vita vinasubiri. Mvua haisubiri."

Wachuma chai walianua, wakafunika, wakarudi kupigana wakiwa wamelowa, na wakashinda. Tajiri hakuuawa. Bibi alimvika kikapu mgongoni, akamwonyesha mstari wake wa kuchuma. Jovitha akaomba aletewe na yeye tajiri huyo kwa msimu mmoja tu. Kokuhirwa alikuwa ameweka mikono juu ya beseni tupu, anatabasamu kama mtu aliyepokea habari njema kutoka kwa ndugu wa mbali.

Wakati wa kutoka Gaudiosus alimwambia, "Haifutwi. Jumapili ijayo wenzako waanike kahawa hapa mbele ya kibanda, nitaacha mlango wazi."

Jumatatu asubuhi kulikuwa na umande. Wanawake walipita kwenda kuchuma kwa Mackrine, mwenzao wa kundi, aliyepewa zamu ile ya Kokuhirwa. Kokuhirwa alikuwa peke yake katikati ya mibuni, kikapu kiunoni, anavuta matawi kwa fimbo yake yenye ndoano.

"Bibi wa mguu mbovu!" aliita Benadeta kutoka barabarani. "Wako wapi wanafunzi wako?"

"Nimewafukuza," alijibu Kokuhirwa. "Walikimbia radi."

Akavuta tawi lingine, akaendelea kuchuma.