Koo za Kambare wa Kipkurui

Hapa Kiptere, kijana akitaka kuoa, Kipkurui lazima aitwe. Siku ya koito, wazee wa pande mbili wanapokutana kuzungumzia posa, yeye ndiye huuliza ukoo wa binti, kisha ukoo wa kijana. Akisikia ukoo ni mmoja, hata chai hainyweki. Amevunja posa za watu na wala hajutii. Sasa mtu wa namna hiyo ukimpa samaki, unatarajia nini?

Samaki aliwapata baada ya mashine ya kuchuma chai kumtoa kazini. Ongeri, muuzaji wa samaki wa urembo mjini Kericho, alimpa kambare wadogo wa Amerika Kusini wa aina tatu. Kuna waliovaa mabamba ya mfupa ubavuni, yamepangana kama mabati ya paa. Kuna wenye mdomo wa kunyonya kioo. Na kuna wa ngozi laini, masharubu marefu. Kipkurui akawaweka kwenye matangi ya kioo katika chumba cha nje, akawawashia hita wasipate baridi, akangoja wazae. Akangoja mpaka mahindi yakavunwa na kupandwa tena.

Mkewe Valary, Mkisii asiyejua kuficha neno, akachoka.

"Baba Alexander, mama yako anatoka hospitali juma lijalo, na baridi ya kwake Kimulot itammaliza. Hicho chumba ni chake. Samaki wasipozaa, warudi kwa Ongeri."

Alisema kweli, na ndiyo maana iliuma. Kipkurui alimpenda mama yake, lakini aliwapenda na hao samaki. Tangu afutwe kazi, ndio pekee waliomfanya aamke na shughuli. Akamwita Ongeri.

Ongeri aliangalia tangi moja, akaangalia la pili, akaketi juu ya ndoo.

"Mzee, nani aliwapanga hivi?"

"Ni mimi. Kila tangi nimeweka mmoja wa kila aina. Wale wanafanana ni ndugu, na ndugu hawaoani."

Ongeri alicheka mpaka akafuta machozi. "Kwa kambare hiyo sheria imepinduka, mzee. Huko kwao koo ni nyingi, na ukoo mmoja unaweza kuwa na aina mamia. Hawa wa mabamba ni ukoo wao, hawa wa kunyonya ni ukoo mwingine. Sharubu wote wanazo, lakini huyu hawezi kuzaa na yule, kama vile ng'ombe hazai na mbuzi. Hapa kila aina huzaa na aina yake."

"Umevunja harusi za watu," Valary akasema kutoka mlangoni, "kumbe hata za samaki."

Aibu ilimshika Kipkurui, lakini kuuliza si ujinga. Siku hiyohiyo aliwakusanya wote wa mabamba katika tangi moja. Hawakutaga. Mama yake, bibi Tabutany, akafika, na Kipkurui akaamua kwamba kesho atawarudisha mjini.

Jioni mama alitia mkono kwenye maji.

"Weri, mwanangu, mbona unawapika?"

Akazima hita. Akachota maji ya mvua kwenye pipa, yale ya mchana yaliyokuja na mawe ya barafu, akamimina jagi baada ya jagi. Kipkurui alitamani kumzuia, ila mkono wa mama haushikwi. Alilala na huzuni, akijua kesho atazika samaki.

Asubuhi mama alimwita. Samaki wazima, na kioo kimejaa mayai madogo meupe, yamenata imara. Ongeri akaeleza kwa simu kwamba aina hiyo hungoja mvua. Maji yakipoa ndipo hujua msimu umefika. Kipkurui alilia mbele ya mama yake, mtu mzima na mvi zake, na hakujali.

Kisha akaanza kutoa matangi. Alipofikia lile la mayai akasema, "Hili nitalipeleka jikoni polepole, mama. Upate nafasi yako."

"Liache," mama akasema. "Geuza kitanda niwaone. Huko hospitali nimetazama ukuta vya kutosha."