Giga Mbili za Mashine

Kliniki yetu ya Rongo ilikuwa na kompyuta kuu moja. Ndani yake mlikuwa na hifadhidata, yaani programu inayotunza faili za wagonjwa wote, na humo humo mlikuwa na programu ya maabara na ya dawa. Kila ikikaribia saa nne asubuhi ilikuwa inaganda, na kina mama wanabaki kwenye benchi na watoto wenye homa kwa sababu faili hazifunguki.

Mimi ndiye niliyekaa kwenye kompyuta hiyo, na daktari mwenye kliniki alinipa hadi siku ya soko niitengeneze. "Dada, ikiganda tena namwita fundi aliyesomea. Na meza ni hii moja, haitoshi wawili."

Niliacha shule kidato cha pili, tulipomzika mama baada ya baba. Nilikuwa na wadogo watatu. Kompyuta nilijifunza kwenye saiba moja, duka la intaneti, ya Oyugis, nikifagia huku nikichungulia.

Nikafungua orodha ya programu zinazokula memori. Hifadhidata ilikuwa imeketi juu kabisa, imeshika karibu yote. Haikuwa mbovu. Hakuna aliyewahi kuiwekea mpaka, kwa hiyo ilichukua kila ilichokikuta na haikurudisha. Memori ni giga nane: nikaipa maabara moja, dawa moja, hifadhidata sita. Nikajisifu. Kesho yake ikaganda saa tatu.

Nilizitazama zile namba mpaka nikaona aibu. Nilikuwa nimegawa kama ninavyopakua ugali nyumbani: sahani za wadogo zijae, mimi nikwangue ukoko. Mashine yenyewe, inayozibeba programu zote, sikuiachia kitu. Nikaishusha hifadhidata hadi nne.

Siku ya soko watu walijaa hadi mlangoni. Fundi alikuwa ameshaitwa, na daktari alishamwambia nilikoishia shule. Akaangalia skrini, akacheka.

"Nyamera, dada yangu, umeinyima hifadhidata. Giga mbili zimelala bure. Nani alikufundisha haya, mwalimu wa kidato cha pili?"

"Hazijalala. Ni za mashine."

"Inuka nirudishe ilivyokuwa."

"Siinuki."

Mkono wangu ulikuwa juu ya kibodi, na sikuuondoa. Daktari akatoka chumbani kwake.

"Imeganda leo?"

"Bado," fundi akasema. "Itaganda tu."

"Basi tungoje," nikasema. "Keti."

Hapakuwa na pa kuketi ila benchi la wagonjwa. Fundi akajibana kati ya mama mwenye mtoto mgongoni na mzee aliyekuwa akikohoa. Saa nne ikapita. Faili zikawa zinafunguka, maabara inachapisha majibu, nami naita majina. Saa tano nikamwita yule mzee, kisha yule mama. Daktari alisimama mlangoni akitazama. Fundi akabaki peke yake kwenye benchi, mkoba wake wa vifaa mapajani.

"Na wewe, omera, kaka yangu," nikamwuliza, "unaumwa wapi?"