Sahani ya Kwanza ya Mnavu

Harufu ya mnavu unaochemka, ile yenye uchungu kidogo kabla maziwa hayajatiwa, hunirudisha kwenye chumba chetu cha kupanga Ngarenaro, Arusha, na pamoja nayo hunijia aibu ambayo sijaizoea hadi leo.

Ilikuwa miaka ile maduka ya Kaloleni yalipojaa bidhaa za nje, na kiwanda alichofanyia kazi baba kikauzwa kwa mtu binafsi, baba akarudishwa nyumbani. Ndugu zake wa Moshi walianza kusema kwamba sisi watoto tupelekwe kwao tukale vizuri. Mama akaanza kutuchumia mboga porini, upande wa Moshono.

Mnavu haukuwa na sura moja. Wa kivulini ulikuwa na majani mapana, laini. Wa juani, majani madogo yenye meno kingoni. Mmoja ulizaa matunda meusi, mwingine ya rangi ya chungwa. Mama aliugeuza kila mche mkononi, akaunusa, akatafuna ncha ya jani, akatema. Mingine aliitupa, mingine aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaitia kikapuni.

Alikuwa na tabia moja iliyonichoma. Kila alipochuma mahali papya, alijipakulia kwanza, akala peke yake mlangoni, akafunika sufuria. Sisi tulitumwa kucheza hadi jua lipinduke. Kwetu mgeni ndiye aliyetangulia, kisha baba, kisha watoto. Siku nyingine zote mama alikuwa wa mwisho, akabaki na ukoko. Nilidhani shida imemtia ulafi.

Jumapili moja shangazi, dada yake baba, alitujia kutoka Moshi bila taarifa, amevaa kitenge chake cha kanisani. Tulimwamkia, akaketi. Mama akaepua, akala mbele yake, akafunika.

"Wifi," shangazi akasema, "hata mgeni humngoji? Au ndivyo mlivyo huku Arusha siku hizi?"

"Nisamehe, wifi. Njaa ilinishika vibaya."

"Haya! Kumbe kaka yangu ameoa kijiko."

Kufikia Krismasi, binamu zangu wote walimwita Mama Kijiko. Yeye alicheka nao. Mimi niliacha kuwaleta rafiki zangu nyumbani.

Chuoni, nikisomea mimea, niliwekewa mezani sampuli za mnavu nizitenganishe kwa majina. Nilizipanga, nikazipangua, nikashindwa. Mkufunzi akaniambia kwa upole kwamba kundi hilo linawatatiza hata wataalamu: mmea uleule hubadilika kwa kivuli na udongo, na jamaa zake wenye madhara hufanana nao mno. Niliokota jani moja kavu, nikamkumbuka mama akila peke yake mlangoni.

Likizo ilipofika nilimuuliza mama kwa nini hakumweleza shangazi.

"Nimwambie kwamba mboga yenyewe sina hakika nayo? Angewachukua ninyi watoto siku ileile. Na kama angekula akalazwa, je? Dada ya mume, mwanangu!"

Akacheka. Sikuweza kucheka naye. Utoto wangu wote nilikuwa nimemwonea haya mtu aliyekuwa akinitangulia kwenye sumu.