Ugali wa Mogaka

Kaka yangu Mogaka alizikwa mwaka wa 1953, na hadi leo hajaacha kuja kwangu kula. Nikisonga ugali wa wimbi namsikia mlangoni akihema, hhe, hhe, kama mtu aliyepanda kilima na gunia. Msiniambie ni upepo. Pumzi za ndugu yangu nazijua.

Alirudi kutoka vitani, alikokuwa mpishi jeshini, akiwa pande la mtu. Hapa Sironga tulijivunia tumbo lile. Lakini baba yetu alikuwa mnene vivyo hivyo, na alianguka njiani kutoka mtoni akafa kabla ya kufika miaka hamsini. Mogaka alipoanza kuhema kama baba, alikwenda zahanati. Dresa, yule msaidizi wa daktari pale, akamwambia apunguze mwili, la sivyo atamfuata mzee. Ale ugali nusu ya aliozoea, mboga chungu kwanza, nyama mara moja kwa juma. Samli asiiguse. Jua likizama asitie kitu mdomoni.

Akashika. Mwaka mzima! Mkewe Drusilla alimpimia kwa bakuli, na wawili hao hawakumwambia mtu, maana mwanamume mzima kula kama kifaranga ni aibu. Suruali akaifunga kwa kamba. Kilima alikipanda akipiga mluzi.

Mimi Bitutu je, niliona nini? Niliona mtu anayekonda. Na kwetu, mwenye shamba na ng'ombe hakondi bure. Halafu siku moja alikula kwangu akabakiza. Loo! Ukibakiza chakula cha dada yako, umemshuku sumu. Iliniuma, jamani. Lakini ndugu yangu kunishuku mimi? Ng'o! Lazima kuna aliyemharibu. Nikamwambia jirani yangu Esnah tukiteka maji: "Huyo Drusilla amemfunga koo kaka yangu." Ulimi hauna mfupa. Kufikia Sabato iliyofuata maneno yalikuwa yameingia kanisani na kutoka.

Mama akaita ukoo. Drusilla aliketi chini, mtoto mgongoni, na pale uani wanaume walikuwa wameshashika fimbo. Siku zile aliyeitwa mchawi hakuulizwa mara mbili.

"Ni dresa aliyeniambia nipunguze chakula," Mogaka akasema. "Mama, nikibaki mnene nitakufa kama baba."

"Dresa gani anamkataza mtu ugali wa mama yake?" Mama akamsogezea kikapu cha ugali. "Kama koo halijafungwa, kula tuone."

Akala. Nilimtazama akimega, akimeza, jasho likimtiririka, macho kwa mkewe. Alipomaliza tulipiga vigelegele, mimi wa kwanza. Wanaume wakaweka fimbo chini wakaenda zao.

Tangu siku hiyo kila nyumba ilimjaribu. Kwangu alikuja kila Jumapili, nami nilimwongezea kabla hajamaliza, samli juu. "Rudisha mwili, kaka!" Mwili ukarudi wote, na ziada. Akaanza tena kuhema. Nilimsikia kwa masikio yangu haya, nikasema ni shibe. Mungu anisamehe.

Alianguka njiani kutoka mtoni, hatua chache kutoka pale alipoangukia baba.

Baada ya mazishi nilimfuata Drusilla jikoni. "Wifi," nikaanza, "yale maneno ya uchawi, aliyeyatoa kwanza..."

"Alijua," akasema, akiendelea kuosha sufuria. "Alijua kuwa ni wewe, tangu siku ile ya ukoo. Kila Jumapili nilimshika mkono, nikamsihi asije kwako. Naye alinijibu, 'Acha nile. Bitutu akinyamaza, wewe na watoto mtakaa salama.' Kisha akavaa kofia, akaja."